Mji wa Maji ya Bure

Haya, kaeni vizuri, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi. Habari hii niliipokea kwa shangazi yangu, mwanamke asiyetia chumvi kwenye jambo lolote isipokuwa mchuzi. Akisema mnyama alinena, basi alinena.

Mwaka huo mvua iligoma. Katika Bonde la Mikoche bwawa likawa dimbwi, dimbwi likawa tope, na tope likapasuka kama kisigino cha mvivu. Ndege walihama bila kuaga. Wanyama waliobaki wakawa wanatazamana tu, kila mmoja akimhesabia mwenzake mafunda.

Simba akaita baraza. Simba mnamjua. Hata kiu aliiona kuwa ni dharau.

"Simba hahami," alitangaza, huku ulimi umemkauka. "Simba anabadilisha makazi. Nami sitakwenda kukaa kwenye kijiji cha hivi hivi tu. Nataka mji ulio wa kwanza kuliko yote. Nani anaijua miji?"

Miji iliyosikika ilikuwa mitatu: Ziwakuu, Jabalini na Neemani. Kila mtu aliijua kwa jina, kama unavyomjua mjomba aliye mbali. Aliyeijua kwa miguu alikuwa Fisi peke yake, maana Fisi na harufu ya mchuzi hawajawahi kuachana.

"Nitume mimi, Mtukufu," alisema. "Nitaingia kila mji. Nitaangalia maji bei gani, kivuli bei gani, majirani wakoje. Nikirudi nitawaambia wa kwanza upi, wa mwisho upi."

Wakampa baraka zao. Aliondoka mbavu zikihesabika, akarudi tumbo limemtangulia.

"Toa habari," Simba akaamuru.

"Ziwakuu ni pazuri, uongo dhambi," Fisi akaanza. "Maji mpaka shingoni. Lakini maisha ghali, jamani! Kunywa funda moja, unamfagilia Kiboko ufuo kutwa nzima. Ukitaka kujilaza kivulini, unafagia tena."

"Simba amfagilie Kiboko?" Simba akafoka. "Futa huo. Jabalini je?"

"Aa! Maisha rahisi, lakini maisha yenyewe yako wapi? Ni mawe na upepo tu. Nimefika, hakuna aliyenyanyuka. Nikaambiwa maji yako kule chini, nishuke mwenyewe. Mimi, mgeni!"

"Ushenzi huo. Na Neemani?"

Fisi akafumba macho na kulamba midomo. "Neemani, Mtukufu, maji ni bure. Majani bure. Kivuli bure. Nimekaa siku mbili, nimetandikiwa mkeka, nimepigiwa ngoma, nimekula mpaka nikaomba radhi. Sikudaiwa hata shukrani!"

Wanyama wakashangilia. Swala alirukaruka mpaka akateguka. Bure! Neno hilo, shangazi alikuwa akisema, limekwishawavunja miguu wengi kuliko mashimo.

Mmoja tu hakushangilia, naye ni Bi Kobe. Alikuwa bibi wa siku nyingi, na mgongoni amebeba wajukuu zake, mayatima, wadogo kama vifuniko vya vibuyu. Alisubiri kelele zipoe.

"Mwanangu Fisi," akauliza, "hapo Neemani umekaa siku mbili. Kwa nini hukukaa ya tatu, kama ni pazuri hivyo?"

"Haraka, bibi!" Fisi akajibu upesi. "Haraka ya kuwaletea habari njema."

Nyuma ya kichuguu Sungura alikuwa amejilaza kifudifudi, akijifanya hasikii lolote. Aliposikia jibu hilo, sikio lake moja likasimama lenyewe. Tangu lini Fisi akaacha chakula mezani kwa haraka ya kumpelekea mwingine habari?

 Akaanza kufikiri, na hilo kwa Sungura ni jambo baya kuliko kusema.

Basi wakafunga safari, kila mmoja na kibuyu chake cha mwisho. Msiniulize Simba alikuwa akila nini njiani. Hadithi hii si ya tumbo la Simba. Walitembea taratibu, wakimngoja Bi Kobe, na waliochoka kumngoja walikemewa na waliokuwa na mama wazee nyumbani. Hatimaye wakafika njia panda. Njia ya kushoto ilipanda kidogo tu na kuishia kwenye boma la miiba la Neemani, unaliona pale pale. Njia ya kulia ilikwenda milimani, Jabalini.

Hapo Bi Kobe akaketi.

"Nyanyuka, bibi," Fisi akamhimiza. "Tumefika! Sikia harufu ya chakula!"

"Mimi nimefika hapa," Bi Kobe akasema. "Nyinyi mkikosea mji, mtageuza. Miguu yangu mimi imebakiwa na safari moja. Nikiingia pabaya sitatoka, na hawa wajukuu wangu watakufa kiu mgongoni mwangu. Sipiti njia panda mpaka niambiwe na mtu aliyelala humo ndani na kuamka siku ya tatu."

"Mzee huyu ana wasiwasi!" Fisi akacheka, lakini kicheko kilitoka kwa tabu.

Sungura akajitokeza mbele, mpole kama bwana harusi. "Mtukufu Simba, kwani inafaa mfalme aingie mjini kienyeji tu, bila mapokezi? Ngoja mimi na Bwana Fisi tutangulie tukaandae mambo. Wewe pumzika hapa uchane manyoya."

Simba alilipenda jambo hilo mno. Fisi naye alilipenda, kwa sababu zake, na punde mtazijua.

Bi Kobe akamvuta Sungura pembeni. "Wewe Sungura ni mwongo."

"Ndiyo, bibi. Ndiyo maana uongo naunusa."

"Haya nenda. Ila ukinidanganya na mimi, ujue umewadanganya watoto."

Sungura akashusha masikio, akamfuata Fisi. Lakini msidhani alikwenda kwa huruma tupu. Hakupenda kabisa kuona mtu mwingine anadanganya vizuri kuliko yeye.

Mlangoni mwa boma aliwapokea Liwali Ngiri, mwenye mji, pembe zake zimesuguliwa zinang'aa. "Karibuni, karibuni wageni wetu! Starehe ni yenu!" Ngoma zikalia. Mkeka ukatandikwa. Yakaja maji baridi kwenye kata, ukaja uji, zikaja karanga na mihogo, na Fisi akaletewa mifupa yake kwenye ungo. Sungura alikula vizuri. Ujanja haukatazi kushiba. Lakini alipokuwa akitafuna aliona kwamba waliokuwa wakiandaa hawakucheka na ngoma, na wala hapakuwa na aliyecheza.

Kesho yake akazunguka nyuma ya jiko. Alimkuta Mama Pundamilia amebeba mtungi, amekonda mpaka mistari yake imekaribiana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani, hivi maji hapa bei gani?"

Mama Pundamilia akamtazama kwa makini. "Umeingia lini?"

"Jana."

"Basi kwako bado ni bure." Akatua mtungi, akaangalia huku na huku. "Hujui desturi? Mgeni siku mbili, siku ya tatu jembe. Jua la tatu likikukuta ndani ya boma umekwisha kuwa mwenyeji. Hapo sasa ndipo unaambiwa bei. Kata ya maji ni kutwa nzima ya kuchimba kisima cha Liwali. Majani ni kutwa nyingine. Kivuli ni kutwa nyingine tena. Nikinywa leo, kesho nachimba. Nikichimba juani, nataka kivuli. Nikilala kivulini, tayari keshokutwa nimeiuza. Mwanangu, mimi naishi leo kwa jasho la mwezi ujao."

"Si uondoke?"

"Mlango haufunguki mpaka umalize kazi unayodaiwa. Hujaona mlinzi?" Akaushika tena mtungi wake. "Kwetu nilikuwa na kijito kidogo. Kibaya kibaya tu, cha matope. Nilikidharau. Akaja mtu akatuambia kuna mji wa maji ya bure."

"Mtu gani?"

Mama Pundamilia akaelekeza mdomo upande wa mkeka, Fisi alipokuwa amelala chali. "Yule pale. Ndiye dalali wa mji huu. Kila familia anayoingiza anapewa paja zima. Siku ya pili jioni huaga akaondoka. Jua la tatu halijawahi kumkuta humu hata mara moja."

Sungura alisikia masikio yanamchemka. Angeweza kutimua mbio pale pale. Lakini akajiuliza: nikirudi nikasema, nani ataniamini? Mama yangu mzazi hakuwa akiniamini! Simba kashachana manyoya. Ni neno langu na la Fisi, na la Fisi lina harufu ya chakula. Hapana. Haya maneno ayaseme Fisi mwenyewe, tena kwa sauti yake ile.

"Mama," akanong'ona, "una mfupa mgumu?"

"Ninao wa tembo, aliyekufa mwaka wa nzige."

"Upike. Polepole, tafadhali."

Kwa mara ya kwanza Mama Pundamilia akacheka.

Jioni ilipokaribia Fisi akaanza kujinyoosha na kupiga miayo. Akamwambia Sungura kwa upendo mwingi, "Ndugu yangu, wewe endelea kupumzika. Mimi natoka kidogo nikawaite wenzetu. Kesho asubuhi tutaonana."

Mwaona? Alitaka kumwacha Sungura ndani, alipwe paja kwa kumwingiza na yeye.

"Nenda salama, kaka," Sungura akajibu, na akajigeuza kwenye mkeka. "Nitakulia sehemu yako."

"Sehemu ya nini?"

"Si ile supu. Hujasikia harufu? Mfupa wa tembo, goti zima, uboho umejaa mpaka unatoka wenyewe. Mama wa jikoni amesema ni wa mgeni atakayekuwepo ukiiva. Wewe unaondoka, basi ni riziki yangu."

Fisi akasimama. Pua ikaenda jikoni, miguu ikabaki mlangoni. "Unaiva saa ngapi?"

"Sasa hivi tu."

"Basi nionje kidogo, halafu niende."

Akachuchumaa mbele ya chungu. "Umeiva?"

"Bado kidogo, baba," Mama Pundamilia akasema, akapunguza kuni.

Jua likazama. "Umeiva?" "Bado kidogo." Nyota zikatoka. "Mama, na sasa?" "Unalainika, baba, unalainika." Fisi alijua desturi ya mji vizuri kuliko wote. Lakini kila alipoinuka kuondoka mvuke ulimpiga usoni, naye akaketi tena. Alijiambia, mimi si mgeni wa kawaida, na alfajiri iko mbali. Sungura kwa upande wake alimuaga mlinzi kwa adabu zote kabla jogoo hajawika, akatoka zake, akateremka njia panda na kuketi kando ya Bi Kobe kungoja.

Jua la tatu lilipochungulia juu ya miiba, Fisi alikuwa ndani ya chungu mpaka mabegani. Akahisi mtu anamgusa mgongoni. Alikuwa Liwali Ngiri, na mkononi ana jembe.

"Hongera, mwenyeji," alisema Liwali.

"Acha utani, Liwali. Mimi ni mtu wako!"

"Mtu wangu alikuwa akiondoka siku ya pili. Wewe umekula mara ngapi humu, na leo umeamkia hapa? Kisima kile pale."

Hapo Fisi akapaza sauti. Na sauti ya Fisi mnaijua, haihitaji mjumbe. Ilivuka boma, ikateremka mpaka njia panda, pale wanyama walipokuwa wakikunja mikeka yao tayari kwa kuingia.

"Jembe? Mimi? Mimi niliyekuletea Pundamilia na wanawe? Mimi niliyekuletea Nyumbu ukoo mzima, mpaka na vikongwe? Nani amekujazia kisima hiki wachimbaji? Leo hii nimekuletea Simba na bonde lote, wako hapo nje wanangoja kama kuku, na mimi unanipa jembe?"

Kule njia panda mikeka ikawaanguka wenyewe. Bi Kobe hakuwa amesogea hata kidogo. Aliinua shingo yake, akawakumbatia wajukuu kwa miguu ya mbele.

"Ndiyo huyo," akasema polepole. "Ameamka siku ya tatu."

Simba aliona haya, halafu hasira ikafunika haya. Sitawadanganya kwamba aliwaza kwanza habari ya Mama Pundamilia. Alichowaza ni kwamba kuna mtu alitaka kumpa jembe Simba, mbele za watu, akiwa amechana manyoya. Alipanda njia ile kwa hatua ndefu na kuunguruma mara moja. Mlinzi aliruka miiba, akatoweka. Mlango ukafunguka wenyewe, au labda ulisukumwa na waliokuwa ndani, maana walitoka kwa wingi na kila mtu alitupa jembe alipofika kizingitini.

Fisi naye akataka kupita. Mama Pundamilia akamzuia.

"Wewe umekula, baba. Sisi tumechimba miaka. Wewe hata shimo la panya hujachimba."

"Kweli," wakasema Nyumbu wote, mpaka na vikongwe.

Wakavuta mlango wa miiba nyuma yao, wakaukaza kwa nje kwa mawe. Mjini wakabaki Liwali mwenye kisima na Fisi mwenye jembe, na kazi ya wote ikawa ya mmoja.

Basi ikabaki Jabalini. Njia ilikuwa ya mawe, na Mama Pundamilia, pamoja na kukonda kwake, alimbeba Bi Kobe mgongoni, Bi Kobe akawabeba wajukuu. Walipofika hapakuwa na ngoma. Pimbi mmoja wa makamo alikuwa juu ya jiwe lake anaota jua. Hakunyanyuka.

"Karibuni," alisema. "Niwaambie mapema msije mkalalamika. Huku upepo unavuma usiku kucha. Nyani wale pale wana kelele na hawasikii la mtu. Maji yapo, hayakauki, lakini ni kule chini, na bei yake ni magoti yako. Mnaotaka kaeni. Wasiotaka, njia ndiyo hiyo mliyojia."

Simba akakohoa. "Na mji huu ni wa ngapi?"

"Wa ngapi kwa nini?"

"Katika miji. Kwa ubora."

"Hatujawahi kuhesabu, mzee," Pimbi akasema. "Umekuja kukaa au umekuja kuhesabu?"

Simba akatafuta jibu la kifalme, akalikosa. Akatafuta kivuli, akakipata, akalala. Hakuna aliyemwuliza atalipa nini.

Bi Kobe alikuwa bado mgongoni mwa Mama Pundamilia. Hakutaka kushuka.

"Mwanangu Pimbi," alisema, akizidi kung'ang'ania pale pale, maana hii ndiyo ilikuwa safari yake ya mwisho na alilijua hilo. "Mimi siwezi kushuka huko chini kwenye maji. Na ninao hawa watoto."

"Wanaoshuka watakuchotea, bibi. Wewe utawaangalizia watoto wao, maana wakiachwa na nyani wanaharibika."

"Na siku ya tatu? Siku ya tatu mnampa mgeni nini?"

Pimbi akamshangaa, kana kwamba ameulizwa jua linatokea wapi.

"Jembe, bibi. Kwani kuna mji usiotoa jembe? Ila huku, ukilima, shamba ni lako."

Bi Kobe akashuka. Akawatua wajukuu mmoja mmoja juu ya mawe yenye joto, akawatazama wakitambaa kwenda kusikojulikana, na machozi yakamtoka bila aibu. Kisha akaomba hilo jembe apewe leo leo, asingoje siku ya tatu.

Fisi alichimba kisima cha Neemani peke yake mpaka mvua zilipokibomoa kile kisima, na boma pia, akapata pa kupenya. Ndiyo maana mpaka leo mabega yake yako juu na nyuma kumeinama, kama mtu aliyekabidhi jembe jana. Na mkimsikia akiita kule nje, akicheka na kusifia, msifungue mlango. Shangazi yangu alikuwa akifika hapa anainuka, anakung'uta kanga yake, anatuambia tukalale: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.